Kidonge Ndani ya Kombe
Sehemu ya Saba

Naanza kwa Jina lake,
Rabi asiye mwenzake,
uhai ni mali yake,
hutoa na kutwalia.

Wasomaji wangu, Mwenyezi Mungu awahifadhi. Tuliachana mlangoni pa chumba cha upasuaji, mkono wa Shadia umeng'ang'ania koti la daktari, na mdomo wake umefunguka kutoa neno lililokuwa likimchoma.

Kabla ya neno hilo niwapange watu mahali pao, kwa ajili ya aliyeliokota gazeti leo kwa mara ya kwanza.

Kitandani, hana fahamu, amelala Fundi Feruzi Songoro wa Ujiji, muunda maboti. Ukisimama Kibirizi au Ilagala ukatazama maboti ya dagaa yakirudi, mengi yao yamepita mikononi mwake. Alianguka asubuhi ileile akiwa ameshika nyundo, na picha ya kichwa imeonyesha damu imemwagika ndani ya ubongo na kufanya bonge.

Mlangoni ni mkewe, Shadia, mzaliwa wa Buzebazeba, aliyeolewa baada ya mke wa kwanza kufariki. Kwenye benchi ameketi Mwavita, binti wa yule marehemu. Nyumba yake na ya baba yake zimetenganishwa na ukuta mmoja, lakini tangu siku ya harusi yeye na mama yake wa kambo hawajapeana hata chumvi. Kando yake yuko Maalim Zuberi, mdogo wake Fundi. Huyu ndiye amwandikiaye kaka yake kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, na mwenye kuumwa akanywa.

Na mwenye koti ni Daktari Elinipa, binti wa Upareni, bingwa wa ubongo, aliyefika Kigoma na kambi ya madaktari bingwa. Alikuwa amewauliza wote, "Mzee anatumia dawa yoyote?" Nao wote wakamjibu kwa kauli moja, "Hatumii. Anakunywa kombe tu."

Sasa sikilizeni.

"Daktari, usimtoboe," alisema Shadia. "Ndani ya kombe mna kidonge."

Maalim Zuberi aliinuka kwenye benchi kama aliyekalia kaa la moto. "Kidonge gani?"

"Cha moyo, shemeji. Kile alichopewa kliniki akakitupa."

Kisa hicho Ujiji nzima ilikijua na kukicheka. Moyo wa Fundi ulikuwa umeanza kupiga ovyo, mara mbio, mara ukasita. Kliniki wakampa vidonge na kumweleza kwa nia njema, "Mzee, hivi vinalainisha damu." Neno hilo moja liliharibu kila kitu. Fundi aliwatazama kwa huruma akawaambia, "Wanangu, damu kwangu mimi ni kalafati, ile pamba ninayoziba nayo nafasi za mbao. Ukiilainisha kalafati, boti linavuja." Akarudi karakanani, akaitupa pakiti ndani ya vumbi la mbao, na watu wakashika mbavu.

Shadia hakucheka. Aliiokota.

"Nilikisaga kwa mgongo wa kijiko," alisema, "nikakitia ndani ya kombe kila jioni, na pakiti ilipokwisha nikanunua nyingine. Nilidhani maneno ya Mungu yatakibariki."

"Umeyafanya maneno ya Mola wangu kuwa gunia la kubebea sumu?"

"Si sumu, shemeji. Ni dawa ya hospitali."

"Kama ni dawa, mbona mwenye kunyweshwa yuko kitandani na mwenye kunywesha amesimama?"



Daktari Elinipa hakukaripia. Alimshika Shadia mabega akamkalisha. "Kimoja kwa siku?"

"Kimoja."

"Una hakika, mama?"

"Haki ya Mungu, kimoja."

"Nesi Leonia!" aliita daktari. "Simamisha kila kitu. Hatuingii."

"Hamwingii?" Maalim alimsogelea. "Binti, tangu asubuhi unatuambia kila dakika ni roho. Sasa unataka kukaa?"

"Maalim, shikamoo tena, na unisikilize. Mimi silifungui fuvu la mzee kama mtu afunuaye mtungi. Natoboa tundu dogo mahali pamoja, napitisha bomba jembamba lenye kamera nchani, nalifuata lile bonge mpaka lilipo, nalivuta polepole. Ubongo uliobaki hausumbuliwi. Lakini kazi hii inataka damu inayojua kuganda. Isipoganda, kila nitakapogusa patavuja, nami sina nafasi ya kuingiza kidole nizibe. Tundu dogo ni rehema kwa mgonjwa. Kwa damu isiyoganda, ni kaburi."

"Kwa hiyo mmeshakitazama kichwa cha ndugu yangu kama dafu."

"Dafu hutobolewa kwa sababu cha ndani kinatamaniwa, Maalim. Mimi nataka kukitoa kisichotakiwa."

Maalim alirudi nyuma hatua moja. Hakuzoea kujibiwa, sembuse na binti.

Nesi Leonia, Muha wa Kasulu, mwanamke wa maneno machache, alivuta damu ya mgonjwa akaitia ndani ya kichupa cha kioo, akakiacha mezani kitulie. Damu ya mtu mzima wa afya hukaa humo kidogo ikashikamana kama mtindi. Walingoja. Leonia akakiinua kichupa, akakilaza ubavu.

Damu ilikimbia kama chai.

"*Amaraso yabaye amazi*," alinong'ona kwa lugha ya kwao. Damu imekuwa maji.

Daktari alikichukua kichupa, akatoka nacho ukumbini. "Mama Shadia, nisamehe. Kidonge kimoja cha namna hii hakiwezi kufanya hivi. Mwili huu umepata dawa kupita kiasi kwa muda mrefu. Je, kuna mkono mwingine?"

"Mkono mwingine upi?" alidakia Maalim. "Aliyezoea kuficha kimoja hashindwi kuficha viwili."

"Nimeapa, shemeji."

"Umeapa kwa nani? Kwa Yule ambaye umemtilia unga ndani ya maneno yake?"

Mwavita aliinuka kwenye benchi, akajifunika uso kwa khanga, akatoka nje bila kumtazama mtu.

Daktari hakuwa na wasaa wa kesi. Aliagiza sindano ya kuirudishia damu nguvu ya kuganda, na maji ya damu yaliyohifadhiwa katika jokofu, ambayo hayakuwa mengi. "Nahitaji na damu mbichi," alisema. "Nani ana kundi moja na mzee?"

Maalim Zuberi alikwisha kupandisha mkono wa kanzu. "Chukueni. Yangu haijalainishwa na mwanamke yeyote."

Leonia aliziba mdomo kwa kiganja. Maalim, wallahi, hakuwa anafanya mzaha.

Huku nyuma Shadia alitoka uani kunawa uso. Nyuma ya kamba za kuanikia mashuka, pale ambapo mtu akitupa jicho chini huliona ziwa, alimkuta Mwavita ameinama bombani akitapika.

"Usinisogelee."

"Sikusogelei. Nataka maji."

Maji yalitiririka. Hakuna aliyeyakinga.

"Mama mdogo," alisema Mwavita. Hakuwahi kumwita hivyo.

"Labeka."

"Uji."

"Uji gani?"

"Uji wa alfajiri. Ninaompitishia baba juu ya ukuta." Akafuta mdomo kwa khanga. "Natia humo. Jina la dawa nililisoma kwenye pakiti kabla hajaitupa, nikawa nanunua duka la dawa, mtaa wa Mwanga. Nasaga, nakoroga na sukari."

Shadia alishika nguzo ya kamba. "Tangu lini?"

"Tangu baada ya Maulidi."

"Ungeniambia, Mwavita."

"Ningekuambia kwa mdomo upi? Wewe ungeniambia?"

Shadia akasema kweli. "Nisingekuambia."

Basi akaketi chini, juu ya tope, na yule binti akamwangukia magotini. Nami nasema, hapana kati yao aliyemchukia Fundi. Wote wawili walimpenda. Ila ni mapenzi yasiyosalimiana, kila moja likapita mlango wake kwa siri, na yote mawili yakakutana ndani ya mshipa mmoja. Lau mmoja angeomba chumvi kwa mwenzake hata mara moja, huenda neno lingefuata chumvi.

"Baba mdogo akijua ataniua," alilia Mwavita. "Na mume wangu ataniacha. Ameshatafuta sababu."

"Hatajua leo."

"Apa."

"Siwezi kuapa, mwanangu. Daktari lazima ajue, la sivyo baba yako anakufa."

"Mwambie ajue, usimwambie ni nani! Apa, mama mdogo!"

Shadia aliiangalia sura ile iliyofanana na ya mumewe kupita sura ya mtu mwingine yeyote duniani. "Wallahi, billahi, tallahi," alisema, "neno hili halitatoka kinywani mwangu mpaka wewe ulitoe kwa kinywa chako. Akipona, tutampigia magoti pamoja."

Wasomaji, kiapo ni kamba. Afungaye hajui kesho kitafungwa nini.

Shadia alirudi mbio, viatu mkononi. Daktari alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha chumba cha upasuaji, na Maalim Zuberi ameketi karibu, pamba imebandikwa mkononi alipotolewa damu.

"Daktari! Hesabu maradufu. Kila siku alipata mara mbili. Usiniulize zaidi."

Daktari Elinipa aliitikia kwa kichwa. "Sikuulizi. Limenitosha hilo." Akageuka. "Leonia, ongeza sindano!"

Lakini Maalim Zuberi alikuwa amesikia. Aliinua kichwa taratibu, na macho yake yakamkaa Shadia usoni kama muhuri wa moto.

"Kumbe," alisema. "Kumbe!"



Dawa iliingia. Maji ya damu yaliingia. Damu ya ndugu iliingia kwa ndugu. Leonia akavuta tena, akakilaza kichupa ubavu, akangoja. Na safari hii damu ilikaa kimya ikashika kioo.

"Imeganda, daktari."

"Tunaingia."

Sitawasimulia nisiyoyaona. Yaliyosemwa baadaye na Leonia ni haya: kwamba tundu halikuzidi unene wa penseli, kwamba bomba liliteremka kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano, kwamba ndani ya kioo cha kamera bonge lilionekana jeusi kama shira iliyoungua, na daktari akalila pembe baada ya pembe, bila haraka, akiimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani kwao. Hakuna mahali palipovuja.

Mlango ulipofunguliwa, daktari aliishusha barakoa. "Limetoka, karibu lote. Amefumbua jicho."

Maalim Zuberi alianguka kusujudu palepale sakafuni, na mhudumu aliyekuwa akipiga deki akaivuta ndoo yake pembeni kwa adabu.

Wakamwita mke kwanza. Shadia aliingia, akaweka kidole chake ndani ya kiganja cha mumewe. Kiganja kikafumba.

"Amenibana!" alipiga kelele, akicheka na kulia. "Mwavita, njoo! Amenibana kama jiliwa lake la kubania mbao! Bado ana mkono wa fundi!"

Mwavita alifika mlangoni, akasimama hapo. Baba yake alimwona. Midomo yake ilicheza, neno halikutoka.

Ningependa kuiweka kalamu chini hapa. Sikuruhusiwa.

Mwadhini wa alasiri hakuwa amemaliza, Leonia akatoka akikimbia. Mboni ya jicho moja la Fundi ilikuwa imepanuka. Pumzi ikawa ndefu, kisha fupi, kisha ikawa inasahau. Daktari aliingia na wote waliokuwa naye. Watu wa ukumbini walisikia vyuma, wakasikia amri, mwishowe hawakusikia kitu, na kile kitu ambacho hawakukisikia ndicho kilichowaambia.

Daktari Elinipa alitoka akiwa amezivua glavu.

"Lile bonge nililitoa," alisema, na hakujificha nyuma ya maneno makubwa. "Halikurudi. Lakini mishipa ilikuwa imechoka mahali pengi. Damu imevuja kwingine, chini kabisa, kwenye shina la ubongo. Hapo bomba halifiki, na mkono haufiki. Nimejaribu. Poleni. Poleni sana."

*Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.*

Shadia hakulia. Alikuwa bado ameinua kile kidole kilichobanwa, amekitazama. Mwavita ndiye aliyepiga yowe, na sauti yake ikafika hadi kwenye lango la nje.

Maalim Zuberi hakulia wala hakupiga yowe. Alitoa simu ndani ya kanzu, akapiga.

Afande Meshack alikuja na mwenzake mmoja. Alikuwa kijana wa Kimeru, mpole, ambaye mwaka mzima wa kukaa Kigoma ulikuwa umemfunza kuvua kofia mbele ya wazee.

"Shikamoo, Maalim. Poleni na msiba."

"Marahaba. Mchukue huyu."

"Kwa kosa gani, mzee?"

"Kwa kumuua ndugu yangu. Amekiri mbele ya watu: kidonge ndani ya kombe. Na masikio yangu haya yamemsikia akimwambia daktari, 'Hesabu maradufu, kila siku alipata mara mbili.' Nani ahesabuye ila aliyepima?"

Daktari alipiga hatua mbele. "Afande, bila neno hilo nisingeweza hata kuanza. Mama huyu alitaka kumponya."

"Naandika hilo pia, daktari," alisema Meshack kwa upole. "Lakini Maalim, ugomvi wa mashemeji tumeuzoea kituoni. Nataka mtu wa nyumbani aliyeona."

"Yupo." Maalim aligeuka. "Mwavita. Njoo mwanangu, usiogope. Wewe ni damu yake Feruzi. Ulipata kumwona mwanamke huyu akimtilia baba yako kitu?"

Mwavita alikuja akijikokota. Mumewe alikuwa amekwisha kufika, amesimama ukutani, mikono kifuani, anamtazama.

Shadia alimwinulia macho. Hayakuwa na hasira, hayakuwa na vitisho. Yalikuwa macho ya mtu aliyefika mahali pa miadi mapema, anamngoja mwenziwe.

Mwavita alimtazama mumewe. Akamtazama baba yake mdogo. Akaishusha khanga mpaka ikamfunika paji la uso.

"Nilimwona," alisema.

Leonia, aliyekuwa akipita na shuka safi la kumfunika maiti, alisimama.

"Mara ngapi kwa siku, dada?" aliuliza Meshack.

"Mara mbili." Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini kila mtu aliisikia. "Jioni ndani ya kombe. Na alfajiri ndani ya uji."

Meshack alimgeukia mjane. "Bibi, umesikia. Una la kusema?"

 Ukumbi mzima ulimngoja. Shadia aliutazama mlango ambao nyuma yake mumewe alikuwa anapoa, akamtazama yule binti, na kiapo chake kikamkaba kama mkono wa mtu.

"Sina," alisema, akanyoosha mikono yake yote miwili.

Maalim Zuberi alikuwa amenyanyua mkono kumhimiza afande amalize kazi. Mkono huo ukasimama hewani.

*Uji wa alfajiri.*

Kwa maana kila alfajiri, akitoka msikitini, yeye ndiye aliyeketi na kaka yake barazani. Yeye ndiye aliyenyanyuka kuipokea ile chupa ya uji ya rangi ya kijani ikipitishwa juu ya ukuta, akamkabidhi mgonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Na katika Ujiji nzima, ukimwondoa marehemu na hawa wanawake wawili, hapakuwa na mtu mwingine ajuaye mkono ulioipitisha ulikuwa wa nani.

Pingu zililia zikifungwa. Mwavita aliinua uso, macho yake na ya baba yake mdogo yakakutana. Na Maalim Zuberi, ambaye siku ile nzima hakukosa jawabu, alifungua kinywa na hakikutoka kitu.

Ee Mola wetu, Feruzi bin Songoro umekwisha kumpokea. Mpanulie kaburi na umnurishie. Tunakuomba sasa kwa ajili ya waliobaki. Aliyefungwa na kiapo chake, mfungulie njia isiyo na dhambi. Aliyetamka uwongo kwa hofu, usimwache auzoee. Aliyeijua kweli akiwa amechelewa, mpe ulimi kabla gari la polisi halijateremka kilima. Na mikono iliyofanya kazi ikashindwa, itulize, kwani kesho italetewa kichwa cha mtu mwingine. Amin.